Kizibao cha Pantaleo

Melania hakuwa na futi ya kupimia, na hakuitaka. Nyuma ya mlango wa chumba chake, kwenye msumari mmoja, zilining'inia nyuzi za watu wake: uzi wa Vumilia, uzi wa Pantaleo, na uzi wa marehemu mama mkwe wake ambao hakupata moyo wa kuutupa. Kila uzi ulikuwa na mafundo yake, la bega, la kifua, la kiuno na la urefu. Ukimwuliza kwa nini asinunue futi kama mafundi wengine, alikujibu kwamba futi inajua namba, haijui watu. Majivuno hayo, lakini nani wa kumbishia? Ingia sebule yoyote ya Kagongwa, ya mwenye mashine ya mpunga au ya muuza dagaa, utakuta makochi yamevishwa vitambaa vya kroshia, na ukivisifu utaambiwa hivyo ni vya Mama Vumi.

Juma lile alikuwa anamwoza Vumilia, mtoto wake pekee. Vitambaa vya kwenda naye vilikuwa tayari, sanduku zima, maana alianza kuvifuma binti akiwa bado anafundishwa kufunga kamba za viatu. Kilichobaki ni kizibao cha baba wa bibi harusi. Pantaleo alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu huko Segese tangu mvua za kwanza, na Melania alikuwa na neno moja tu moyoni: Jumamosi mume wake aingie kanisani amevaa kizibao cheupe cha mkono wa mkewe, amshike binti yake mkono, watu waone kwamba mtoto huyu ana baba. Walishasema sana. Kila kipaimara, kila sikukuu, kiti cha Pantaleo kilikuwa kitupu, na kuna wanawake waliomwita Melania mjane wa dhahabu, wakicheka.

Jumatano mchana alikuwa barazani akizungusha mstari wa shingo, mara Charles akaingia na mkewe Dorah. Charles ni mdogo wake Pantaleo, mfanyabiashara wa mchele, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Karibuni. Dorah, mbona macho mekundu hivyo?"

"Moshi, dada," Dorah alijibu, akaingia ndani haraka kama aliyeagizwa kitu.

Charles alikaa ukingoni mwa kiti. Alisema amefanikiwa kuongea na kaka yake kwa simu ya mwenzake, kwa sababu yake imeingia maji. Kazi imebana. Wamefika kwenye mwamba wenye mali, hawezi kutoka leo akawaachia wenzake.

"Mali, mali!" Melania alifyonza. "Kila mwaka wamefika kwenye mali, na kila mwaka anarudi na begi la nguo chafu. Jumamosi anamtoa mtoto wake, Charles. Hilo umemwambia?"

"Nimemwambia. Sasa nipe hicho kizibao nimpelekee kesho, ili akija aje amevaa kabisa."

"Kwa nini asikijaribie hapa?"

"Muda, shemeji. Muda hautoshi."

"Basi nishikie donge nimalize."

Charles akashika donge la uzi kwa mikono miwili, likawa linageuka viganjani mwake kadiri Melania alivyovuta. Mara mbili lilimponyoka. Melania akaona, akadhani ni kamati hiyo, michango ya watu si mchezo, akamwonea huruma mtu mzima wa watu. Akafunga fundo la mwisho, akashona vifungo, akakikunja kizibao ndani ya kanga safi.

"Sikiliza vizuri. Akivaa, ainue mikono. Kama kinabana kwapani uniambie. Na wewe umwangalie mgongoni. Mgongo ndio unaonisumbua kwake, mgongo wa kubeba viroba ule. Kikivutika mgongoni, kirudishe nitaongeza."

"Nitaangalia, shemeji."

Alikuwa amekwisha kusimama Melania alipokumbuka jambo jingine. "Na turubai. Huyu kijana wa viti ananiambia umekodi mpaka Jumatano ijayo. Harusi ya Jumamosi, viti vya kukaa mpaka Jumatano anakalia nani?"

"Alinipa kwa bei nzuri."

"Bei nzuri ya kitu usichokihitaji! Wanaume bwana, mkipewa kamati mnakuwa matajiri kwa hela za watu."

Charles alikipakata kile kifurushi kifuani akatoka, na Dorah akamfuata nyuma bila kuaga.

Alhamisi jioni Charles alirudi amejaa vumbi, hata nyusi zilikuwa nyekundu. Melania alimpokea mlangoni na swali.

"Kimemkaa?"

"Kimemkaa vizuri sana."

"Mgongoni umeangalia?"

"Nimeangalia."

"Kimevutika?"

Charles alitazama chini. "Hakijavutika hata kidogo, shemeji."

Melania alipiga kigelegele peke yake pale mlangoni, akacheka kwa furaha. Alijua. Uzi wa Pantaleo haujawahi kumdanganya. Akataka kujua mumewe alisemaje alipokiona, alicheka, alijitazama, alimtumia neno? Charles akasema alikuwa amechoka, hakusema mengi. Alimwomba maji ya kunywa, akayanywa yote amesimama, akaenda zake.

Ijumaa wanawake walijaa uani kuchambua mchele na kumenya vitunguu. Melania alizunguka akielekeza, kanga kiunoni, sauti juu. Akawa anaona kitu asichokielewa. Akiwa jikoni, uani wanaongea. Akitoka uani, wanainamia ungo. Euphrasia, shoga yake wa miaka mingi, aliyefundishwa kroshia na yeye mwenyewe, alikuwa kila mara anamshika mkono na kumwambia akae, apumzike, ale kidogo.

"Euphrasia, mimi ni mgonjwa?"

"Hapana, mayu, mama yangu. Ni kukuhurumia tu."

"Nihurumie Jumapili, sasa hivi kata vitunguu."

Wakacheka, lakini kicheko kile kilikatika mapema. Melania alidhani ni husuda. Mtu akioza, alijiambia, ndipo anapowajua watu wake.

Jumamosi asubuhi Pantaleo hakuwepo. Charles alikuja amevaa suti, akasema kuna ukaguzi umeingia machimboni, wamefunga njia, hakuna anayetoka. Kaka atakuja moja kwa moja kwenye sherehe. Kwa hiyo kanisani atamwingiza bibi harusi yeye, baba mdogo, kwa niaba.

Melania alikuwa amekwisha kuvaa gauni la sare, hereni masikioni, uso umepakwa poda. Alisimama katikati ya ua na wanawake wote wakimtazama, na aibu yote ya miaka ile ikampanda kichwani.

"Sawa," alisema. "Semeni. Si mnataka kusema? Mjane wa dhahabu huyu hapa. Binti yangu wa pekee! Si angekuja hata kwa mguu? Kama anapenda shimo kuliko watoto wa watu, basi alale nalo. Limzike hukohuko, mimi nimechoka kuolewa na picha!"

"Mama Vumi!" Euphrasia aliruka, akamziba mdomo kwa kiganja kilichonuka vitunguu. "Usiseme hivyo! Nakuomba usiseme hivyo!"

"Nimesema. Niachie mdomo, rangi inatoka."

Dorah alikuwa ameegemea ukuta wa choo, ameinama, akitapika. Wanawake wawili wakamwendea. Ana mimba huyo, Melania aliwaza, na akapanda gari.

Kanisani mambo yalikwenda. Bwana harusi, Marwa, fundi wa mashine za mpunga, kijana mtulivu mwenye wazazi waliotoka Tarime tangu jana yake, aliitikia maswali ya padri kwa sauti ya kusikika. Ila Vumilia alilia. Mabibi harusi hulia, si jambo geni, lakini huyu alilia mpaka shela ikaloa. Melania alimwinamia wakati wa kupiga picha.

"Basi sasa. Utafikiri unapelekwa jela. Baba yako atakuja jioni."

Vumilia alimkumbatia mama yake kwa nguvu, akamng'ang'ania, mpaka mpiga picha akaomba waachane kidogo ili sura zionekane.

Turubai lilijaa. Viti vya meza kuu vilivishwa vitambaa vya lile sanduku, vyeupe, vya maua ya nyota, na wageni wa Tarime walivishika pindo na kuulizana vimefumwaje. Pembeni ya kiti cha Melania kulikuwa na kiti kingine, nacho kimevishwa, hakuna aliyekikalia. Alikataa kukiondoa. Keki ikakatwa, watu wakapanga mistari wakacheza kwaito, na Melania akacheza. Alicheza kwa hasira kwanza, kisha akasahau hasira. Alipokwenda mbele kumkabidhi binti sanduku la vitambaa, alichukua kipaza sauti.

"Wabeja, asanteni, watu wa Mungu. Mwanangu, hivi vitambaa nilivifuma nikimsubiri baba yako. Ndiyo maana ni vingi." Akanyamaza apate kicheko chake. Hakikuja. "Kile kiti pale ni chake. Akifika mumpe soda ya moto, za baridi zimekwisha."

Mshereheshaji akadakia upesi, muziki ukapigwa, na katikati ya kelele ile Melania aliona watu wazima wakijifuta macho. Wanaume. Mwenye duka la pembejeo, katekista, hata kijana wa viti. Akajua amesema vizuri, na moyo wake ukajaa.

Jumapili aliamka na miguu imevimba, akatoka uani kuvua vitambaa kwenye viti kabla vumbi halijavila. Alikuwa amevua viwili vitatu Dorah alipomshika mkono.

"Viache, dada."

"Niviache vya kazi gani? Ni vya Vumilia hivi. Wanaondoka na gari la mchana."

"Viache tu. Viti vina kazi bado."

Melania akamtazama. Akalitazama turubai ambalo hakuna aliyekuja kulishusha. Akatazama barabarani. Watu wa Tarime walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya nyumba ya jirani na mabegi yao hayajafungwa, na mama yake Marwa alikuwa amejifunga kanga kichwani, kanga nyeusi. Na huku kwenye njia ya sokoni walikuwa wanakuja wanawake, walewale wa jana wa kwaito, wamevua sare, wameshika mikeka kwapani. Euphrasia alikuwa mbele. Alikuwa anakuja analia kwa sauti, kwa sababu sasa ilikuwa ruhusa.

Charles alitoka ndani ya nyumba akapiga magoti mbele yake.

"Shemeji, duara lilititia, shimo likamfukia kaka. Jumanne. Walimtoa siku ileile, tukampeleka mochwari."

Melania hakulia. Alikuwa bado ameshika vile vitambaa viwili vitatu, akavikunja vizuri, akaviweka juu ya kiti.

"Jumanne," alisema.

"Wazee walikaa. Michango ya watu ilikuwa imetumika, ng'ombe wameshalipiwa, wageni wa Tarime wameshakata tiketi. Ningesema, harusi ingekufa. Na wewe ungekufa, shemeji. Tulisema mtoto aolewe kwanza, ndipo tulie."

"Kizibao ulikipeleka wapi?"

Charles aliinamisha kichwa.

"Nakuuliza. Alhamisi ulikwenda wapi na kizibao changu?"

"Mochwari."

"Ukaja ukaniambia kimemkaa."

"Nisamehe, shemeji."

"Nikapiga kigelegele. Ulinisikia nikipiga kigelegele?" Akawageukia wanawake waliokuwa wamefika, wakasimama na mikeka yao. "Na nyie. Jana hapa nilisema shimo limzike. Euphrasia, nilisema, ukaniziba mdomo. Kwa nini uliniziba mdomo? Ungeniambia! Mlinisikia namwapiza mtu amelala mochwari, mkaniacha nikapanda gari na hereni!"

Euphrasia alijaribu kumshika, akamsukuma. Vumilia alikuwa ametokea mlangoni na gauni la nyumbani, hina ya harusi mikononi.

"Wewe pia ulijua?"

Binti alitikisa kichwa kukubali.

"Tangu lini?"

"Jana asubuhi, saluni. Baba mdogo alisema nikikwambia utaanguka. Mama, nilitaka kukwambia kanisani."

"Ulinikumbatia tu," Melania alisema, akakaa chini vumbini.

Mwili ulifika Jumatatu. Jeneza liliwekwa chini ya turubai lilelile, kwenye meza ileile iliyobeba keki, na viti vilikuwa na vitambaa vyake vya nyota, maana mwenye navyo hakusema tena viondolewe. Padri yuleyule alisoma sala. Mshereheshaji wa Jumamosi ndiye aliyetangaza utaratibu wa kuaga, kwa sauti ya chini. Mfuniko ulifunguliwa upande wa kichwa, watu wapite mstari mmoja, wanawake kwanza.

Melania alipita wa mwisho. Uso ulikuwa wa Pantaleo, umevimba shavu moja, na chini yake kulionekana shingo ya kizibao na kifungo cha kwanza. Alisimama pale. Watu walidhani anaaga, wakamwachia nafasi yake. Lakini yeye alikuwa anatazama shingo. Mstari wa mwisho, ule aliouzungusha yeye huku Charles ameshika donge, ulikuwa umelala upande. Ulikuwa umelegea kama si wa kazi yake. Na pindo la bega lilikuwa limekuja mbele mno, mahali ambapo bega la Pantaleo haliwezi kulileta.

"Fungueni lote," alisema.

"Shemeji," Charles alinong'ona.

"Fungueni."

Wanaume wawili wakaangaliana, wakaondoa mfuniko wote. Melania alipitisha mkono chini ya bega la mumewe, akapapasa mgongo. Hapakuwa na kizibao mgongoni. Kulikuwa na ncha za nyuzi. Walikuwa wamekipasua kwa mkasi kutoka shingoni mpaka chini, ili kipite, wakakipachika mbele kama aproni. Na kwa sababu kroshia haikatwi kama kitambaa cha dukani, mistari ilikuwa inaendelea kufumuka yenyewe, jicho moja la uzi baada ya jingine, tangu Alhamisi.

Akautoa mkono. Kipande cha uzi mweupe kilikuwa kimemnasa kwenye pete.

"Vumilia," aliita, bila kugeuka. "Kalete ndoano yangu ya kroshia. Na uzi, donge lililobaki, liko kwenye kapu chini ya kitanda."

"Mama..."

"Nenda."

Vumilia alikimbia. Padri alifunga kitabu kwa kidole ndani. Minong'ono ilianza nyuma, kwamba imemfika kichwani, kwamba ashikwe akalazwe ndani. Binti alirudi na vitu, akampa mama yake, akabaki amesimama pembeni yake.

"Mgeuzeni," Melania aliwaambia wale wanaume.

"Shemeji, tafadhali," Charles alisema. "Watu wanasubiri. Jua linakwenda. Kaburini kuna watu tangu asubuhi."

"Wasubiri. Mimi mlinisubirisha tangu Jumanne na hamkuniambia nasubiri nini." Akamwekea donge mikononi. "Shika. Si unajua kushika?"

Wakamgeuza Pantaleo upande, mmoja kamshika bega, mwingine kiuno. Melania aliinama ndani ya jeneza. Aliokota macho ya uzi yaliyofumuka, moja moja, akayarudisha kwenye ndoano, akayaunganisha upande huu na huu, akiongeza mstari hapa na mstari pale kwa ajili ya uvimbe, kwa sababu uzi wa vipimo ulioko msumarini haukuwa na habari ya mwili huu. Hakufanya haraka. Donge liligeuka mikononi mwa Charles na machozi yake yakawa yanalidondokea. Wanawake walioanza kulia walinyamaza, wakawa wanatazama tu. Padri alikaa kwenye kiti kilichokuwa wazi, kile cha pembeni, akaegemea kitambaa.

Alipofika chini alifunga fundo, akakata uzi kwa meno. Wakamlaza Pantaleo chali. Melania akanyoosha shingo ya kizibao, ikakaa katikati. Akarudisha pindo la bega mahali pake, akajaribu kifungo kimoja kimoja, vyote vikafunga.

Kisha akamtazama Charles.

"Haya. Sema."

"Niseme nini, shemeji?"

"Ulichoniambia Alhamisi."

Charles alitazama ndani ya jeneza, akatazama watu. Mahali fulani upande wa mashine za mpunga jenereta lilikuwa linanguruma.

"Kimemkaa," alisema. "Kimemkaa vizuri."

"Mgongoni?"

"Hakijavutika."

"Basi," Melania alisema. "Funikeni."